Mgeni Aliyesimama na Gitaa

Haya niliyaona kwa macho yangu, mchana kweupe, na sikuwa nimeonja kitu. Wewe cheka tu.

Nafanya kazi ya kutunza wazee huko Plymouth, ughaibuni. Mmoja wao ni bibi wa Kizungu ninayemwita Shosho, kama tunavyowaita nyanya zetu. Ujana wake wote alizunguka na gitaa akiimba nyimbo za kale za wakulima na wachimba migodi, na zile za kupinga vita. Santuri zake zimetundikwa ukutani. Kiharusi kikamnyang'anya usemi, kikamlaza kitandani, kisha akakataa chakula. Binti yake alishaanza kulia kabla ya msiba. Nami nampenda mzee yule, sikufichi.

Jumapili moja sikuwa zamu, nikaenda kanisani kwetu Apple Valley, mji mwingine, mwendo wa gari. Si unatujua Wakenya? Mgeni lazima asimame asalimie. Pasta akasema, "Wageni, msione haya!" Nyuma kabisa akasimama Shosho. Kwa miguu yake! Gitaa begani.

Ningepiga kelele, nani angeniamini?

"Salamu zangu huwa za kuitikiwa," akasema kwa Kiingereza. Akaimba mstari, akatunyooshea mkono. Waimbaji wa aina yake ndivyo walivyo, wimbo ni wa ukumbi mzima. Na kuitikia si ndiko kwetu? Vigelegele vikapaa, kayamba ikaingia, hata pasta akaruka. Nilicheka huku nalia.

Baada ya ibada Mama Njoki wa jikoni akamshika mkono. "Kuja mgeni, hapa hatuendangi home na njaa." Akampa chai na mandazi. Akala, niamini! Yule aliyekataa hata uji!

Nikampigia Kerubo, aliyekuwa zamu. "Shosho ako wapi?"

"Ako kitandani, atakuwa wapi? Kwani uko sawa?"

Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu. Nikaendesha gari mpaka Plymouth. Nilimkuta amelala, makombo ya mandazi kifuani, chumba kinanukia iliki. Kerubo aliapa hakuna mtu aliyeingia. Shosho akanitazama, akafungua kinywa, akaimba ule mstari. Kisha akangoja. Nilipoitikia, akaonyesha bakuli la uji kwa kidole.

Mpaka leo hasemi, anaimba tu, wala hali chakula mpaka aitikiwe kwanza. Binti yake, ambaye hakuwahi kuimba naye hata siku moja, sasa huja kila asubuhi kuitikia.

Kwa hiyo nakuonya: mgeni usiyemjua akianzisha wimbo mbele yako, usimkodolee macho. Itikia. Hujui ni nani anayengoja sauti yako ndipo ale.