Bosi Wetu Hakufa kwa Kukosa Cheo

TAARIFA KWA UMMA: Kuanzia leo mimi, afisa mwandamizi mwenye kitambi kinachojulikana wizara nzima, niko huru kutia sukari kwenye chai nitakavyo. Aliyekuwa akininyang'anya kijiko hayupo.

Bado namwandikia meseji, halafu nafuta. Bi Zuhura, aliyekuwa mkurugenzi wetu wa utawala, tumemzika jana kwao Mpwapwa.

Kwa msiomjua: awamu ilipobadilika, wakubwa wapya walimtaka awaondoe wakuu wa vitengo wawili, wote wanawake, eti ni "watu wa awamu iliyopita."

Kikaoni nilikuwepo, nimejificha nyuma ya laptop. Akajibu taratibu, "Mheshimiwa, hawa hawakuja na awamu. Walikuja kwa usaili."

Jamani! Mimi nilikohoa. Huo ndio ulikuwa mchango wangu kwenye minutes za kikao.

Haikupita wiki. Tuko kwake Nkuhungu tunakula, taarifa ya habari ikasomwa: uteuzi wake umetenguliwa. Tukaganda, tonge mkononi.

"Mbona mmeacha kula?" akauliza yeye. "Mlenda ukipoa hauna heshima."

Kesho yake akaja mwenyewe kukabidhi ofisi. Wengine hutuma mtu. Mlinzi akababaika getini, "Mama, nimeambiwa..."

"Umeambiwa nisiingie, au nisisalimiwe?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, fungua geti."

Akampa mrithi wake funguo, kisha akamshika mkono hadi kwa wale wawili. "Hawa ndio watakaokubeba. Usije ukadanganywa." Wapo kazini mpaka leo. Na jana ndio walioingia kumwosha.

Sasa nyie wa kwenye magrupu, mnaoandika "kutumbuliwa ndiko kumemuua": acheni! Mlikuwa wapi?

Mimi nilikuwepo. Ulikuwa moyo. Aliujua ugonjwa wake kabla hata ya hicho cheo, akaficha kwa sababu hakupenda kuonewa huruma. Asubuhi ile ya mwisho, wodini, alikunywa uji, akaniuliza, "Wewe, bado unakunywa chai kama sharubati?" Akacheka mpaka nesi akamkanya. Akaomba mto, akaegemea, akafumba macho. Basi. Hicho cheo sikuwahi kumsikia akikililia, hata siku moja.

Pumzika, Bi Zuhura. Lala kwa amani, bosi.

Chai yangu iko hapa mezani. Sijatia sukari. Mbaya kweli, lakini naimaliza.