Mtoto Yuko Wapi Katika Neno Hilo

Mwaka wangu wa kwanza katika shule ya uganga wa hospitali pale Kasongo, maneno ya Kifaransa ya magonjwa yalikuwa yakiniliza. Nilitoka Lusangi, kwa wazazi wakulima, na Kifaransa changu kilitosha kuomba ruhusa na kumsalimia padri. Nilikaa kwa familia moja ya Waislamu wenye duka karibu na soko. Binti yao, aliyekuja kuwa rafiki yangu, tulisoma naye darasa moja, na yeye pia alikuwa akiyakariri maneno yale kama mtu anayemeza vidonge bila maji.

Aliyetuokoa ni mwalimu wetu, mama mtu mzima kutoka Nyangwe, aliyekuwa ameuguza watu miaka mingi kabla ya kufundisha.

"Munaogopa sababu munatazama neno lote mara moja," alituambia. "Anzeni na mukia."

Aliandika "hépatite" ubaoni, akaufunika mwanzo kwa kiganja. Ite, akasema, ni kiungo kinachowaka na kuvimba. Kiungo gani? Akaondoa mkono. Hépat ni ini. Halafu akaandika "hypoglycémie", neno lililokuwa limenikosesha raha wiki nzima. Émie ni damu. Glyc ni sukari. Hypo ni chini. Sukari iko chini katika damu. Nilimgeukia rafiki yangu nikamwambia kwamba kumbe ni sentensi nzima, ila walisahau kuiachanisha.

Tangu siku hiyo tulikata kila neno lililopita mbele yetu. Jioni tulichagua mchele uani huku tukiulizana mikia na vichwa. Mama yao wa nyumba alipopika sombe, yale majani ya muhogo, kila siku mpaka tukachoka, rafiki yangu alijishika kifua akasema, "Mama, niko na sombémie. Sombe iko katika damu." Mama yake hakuelewa, lakini alicheka kwa kuwa sisi tulicheka, na kesho yake akapika maharage.

Mwaka uliofuata tulipelekwa Kabambare kufanya mafunzo hospitalini. Huko tulimkuta mwanamke kijana aliyeletwa na mama mkwe wake. Tumbo lake lilikuwa kubwa, uso umepauka. Mume wake alikuwa Salamabila akichimba dhahabu, na alikuwa hajarudi nyumbani zaidi ya mwaka. Hesabu hiyo kila mtu wodini alikuwa ameshaipiga. Mama mkwe alipika chakula chake nje, akala peke yake. Alikuja hospitali, alisema wazi, ili waganga wamwambie mimba ina miezi mingapi, apate kumtumia mwanawe habari kamili.

Asubuhi daktari alimpima, akapitisha vidole polepole chini ya mbavu za kushoto. Kipimo cha mimba kilikuwa kimeonyesha hakuna kitu. Akatugeukia sisi wanafunzi, akasema neno moja, "Splénomégalie," akatuuliza maana yake.

"Mégalie ni kukua kupita kiasi," rafiki yangu alijibu.

"Spléno ni bandama," nikamalizia.

Daktari alitikisa kichwa kukubali. Kabla hajasema zaidi aliitwa chumba cha kuzalisha, akatoka mbio. Mama mkwe alibaki akitutazama.

"Kumbe mumeipatia mimba jina ya Kifaransa," alisema.

Nilimwinamia mgonjwa nikamuuliza kama anataka nimweleze mkwe wake. Alikuwa amefumba macho.

"Mwambie," alisema. "Mimi nimesema mpaka mudomo imechoka."

Nikakaa kando ya mama yule. "Mama, hii neno iko mbili. Ya kwanza ni spléno. Ni bandama, ile inakaa huku kushoto. Ya pili ni mégalie. Ni kukua sana. Malaria ikimurudilia mutu kila mara, bandama inaweza kukua mpaka inajaza tumbo."

Alifikiri kidogo. "Na mutoto katika hiyo neno iko wapi?"

"Haiko, Mama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Aliniomba nilirudie neno, kipande kwa kipande, naye akalifuata kwa midomo. Daktari aliporudi, mama mkwe alimuuliza yeye mwenyewe, naye akamjibu vilevile: bandama, imekua, haina mtoto ndani. Akauchukua mkono wa yule mama na kuuweka taratibu mahali pa kushoto, akimwonya asikandamize. Nilimwona akiusikia ukingo mgumu chini ya ngozi. Uso wake ulibadilika. Hakuomba msamaha, wala sikumbuki kama aliwahi kuomba baadaye. Alitoka nje, akakaa muda mrefu jikoni, akarudi na sahani ya wali na samaki, akaiweka mapajani mwa mkwe wake. Yule mgonjwa alikula huku machozi yakimdondokea, na sisi tukajifanya tuna kazi upande mwingine.

Alitibiwa miezi mingi. Kabla hatujaondoka, mume alifika kwa pikipiki kutoka Salamabila, vumbi mpaka kope. Mama yake alimpokea mlangoni na kabla ya salamu akamwambia, "Splénomégalie." Kijana alishtuka, akadhani mke amekufa. Mama akamkatia neno vipande viwili kama nilivyomkatia yeye, na mume akaingia akamshika mke wake mkono mbele yetu sote.

Tuliporudi Kasongo, rafiki yangu alimwambia mwalimu kwamba hajui ana nini, ila anaikumbuka Kabambare mpaka anaumwa. Mwalimu aliandika ubaoni "nostalgie". Algie ni maumivu, alisema, na nost ni kurudi nyumbani. Zamani waganga walilihesabu kuwa ugonjwa. Tukauliza dawa yake, akasema hakufundishwa.

Siku hizi mimi ndiye ninayesimama katikati ya vitanda, na mwalimu amestaafu, amerudi Nyangwe. Rafiki yangu anafanya kazi Kindu. Akinipigia simu husema neno jipya bila hata salamu, halafu husubiri nianze na mkia.