Taa Nyekundu Chini ya Kanga

Nianze kwa kukiri kabla sijapata nafasi ya kupamba: mimi ndiye yule kijana wa Tabora aliyempigisha magoti mama mkwe wake nyuma ya pikipiki, kule Kigwa, jua linawaka, nikiwa nimebaki na singilendi. Mkitaka kucheka chekeni, hata mimi hucheka nikiwa peke yangu, halafu masikio yanapata moto.

Kosa lilianza na nati moja. Jioni ya kuamkia safari ya posa nilikagua pikipiki yangu (ufundi nimejifunza mwenyewe, kwa video za kwenye simu na kwa kuharibu vitu vya watu), nikaona nikikanyaga breki ya nyuma taa inachelewa kuwaka, kidogo sana, mtu mwingine asingeona, lakini mimi ni mtu wa kunyoosha hata kandambili za wageni mlangoni, basi nikakaza nati ya swichi ya taa ile, nikaongeza tena kidogo, nikalala kwa amani.

Kesho yake tukaondoka mimi na mjomba Shija, mshenga wangu. Sijui njia ile ina nini. Miembe mikongwe, ambayo wazee husema ni ya enzi za misafara, inakufunika, unatoka kwenye jua unaingia kivulini, jua tena, kivuli tena, na vumbi linainuka polepole kama moshi wa ubani, nami nikawa namuwaza Kalunde, binti niliyekuwa nakwenda kumposa, mpaka nikasahau kwamba naendesha. Kwenye kivuli kimoja nikatazama kioo cha pembeni, nikaona vumbi nyuma yetu limekuwa jekundu, kama kuna makaa yanatufuata. Nikaona ni pazuri. Nilikuwa bado naona hivyo bodaboda mmoja alipotupita akaniuliza, "Kaka, unakwenda au unasimama?"

Ndipo nikaelewa kwamba taa ya breki imekwama, inawaka muda wote. Mjomba akasema niachane nayo, taa haijaja kuposa.

Laiti ningemsikiliza. Ukweni kwangu bado wanashika mila: mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso mpaka mahari ipokewe. Kwa hiyo mjomba aliingia kuzungumza na baba yake Kalunde, mimi nikaambiwa nikae mbali, jibu likiwa tayari nitaitwa nilisikie. Nikaisukuma pikipiki hadi nyuma ya nyumba ya jirani, mahali ambapo hakuna atakayeniona, na kwa kuwa siwezi kukaa karibu na kitu kibovu mikono ikatulia, nikavua shati langu jeupe (lisishike grisi), nikalitundika kwenye uzio, nikatoa spana.

Pale palikuwa na mama mmoja anabambua karanga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamwomba anisaidie kuangalia taa wakati mimi nachezea nyaya, maana siwezi kuwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja.

"Inawaka," akasema.

"Na sasa?"

"Inawaka."

Jua lilikuwa kali, sikumwamini. Nikamwambia, kwa sauti ambayo naijutia mpaka leo, "Mama, usibahatishe. Piga magoti, ifunike kwa kanga uone vizuri."

Akapiga magoti, akajifunika kanga, yeye na taa. Akaendelea kuongea humohumo ndani. "Fanya haraka, fundi. Mwenzio nimejificha hapa, mkwe wangu yuko kule nyumbani. Nasikia ni kijana mtaratibu, msafi sana."

Mkono wangu ukaganda kwenye kanyagio la breki. Mwanga mwekundu ulikuwa unapenya kwenye maua ya kanga, maua yanapumua, nami nikatamani saa isimame hapo, Mungu anisamehe, nisiamke.

"Fundi, mbona umenyamaza? Bado inawaka."

Aliyesikika ni mjomba, akija kwa furaha na baba mkwe nyuma yake. "Sospeter, njoo, baba mkwe wako ana neno jema."

Kanga ikakakamaa. Haikufunuka. Baba mkwe akanitazama mimi na singilendi yangu, akaitazama kanga.

"Mama Kalunde?"

Kanga ikatikisika kidogo.

"Nani amekupigisha magoti hapo?"

Akili yangu yote iliniletea maneno haya tu: "Taa ilikuwa imekwama, baba."

Lile neno jema akarudi nalo ndani. Tukaondoka bila jibu, taa inawaka njia nzima, na miembe ileile ikanionea haya.

Tulirudi baadaye na mbuzi wa kuondoa aibu, baba mkwe akamkataa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumuaga Kalunde moyoni. Halafu shangazi yake akatoka nyumba ya nyuma na ujumbe wa mama, akausema mbele ya wazee wote: "Mama Kalunde anasema kijana ni msumbufu, lakini kitu kibovu hakiachi. Mpeni mtoto. Ila asinisogelee na spana."

Leo Kalunde ni mke wangu. Ile nati niliilegeza mwenyewe, kidogo tu, taa ikazima kana kwamba haijawahi kunitenda lolote. Nami nimeapa: kwenye kijiji cha watu sivui shati, na simtumi mama yeyote kabla sijauliza kama ana binti.