Choo Ambacho Mama Hakukitaka

Mama yangu ana ekari tatu za vichaka, kijito kimoja, na mdomo usiojua kubembeleza. Kwa hivyo vitatu amejipatia riziki ya uzeeni. Watu wa mjini wanakuja na mahema yao, wanapiga kambi chini ya miti siku mbili tatu, wanamlipa kidogo, wanaondoka. Yeye hawapi chochote zaidi ya ardhi ya kulalia. Hakuna bomba, hakuna umeme, hakuna pipa la taka, hakuna choo. Maji uje nayo kwenye madumu, jiko uje nalo, na choo uje nacho: ile ndoo yenye kiti na kifuniko inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya safari. Siku ya kuondoka unaifunga vizuri na kuipakia kwenye gari lako. Mama mwenyewe ana choo chake nyuma ya nyumba, cha mtu mmoja, na ufunguo anatembea nao.

Wageni wanamwita Bi Rudinacho, kwa ajili ya salamu yake ya getini: "Ulichokuja nacho, rudi nacho."

Getini ndiko kwenye kazi yenyewe. Gari likisimama, Mama anainuka kwenye kiti chake cha plastiki, anazunguka nyuma na kutaka buti lifunguliwe.

"Maji?"

"Haya hapa."

"Jiko?"

"Hili."

"Mifuko ya taka? Ndoo?"

Kwenye ndoo ndipo wanaume wazima wanapoanza kutazama viatu vyao. Asiye na ndoo hapiti. Siku moja alimrudisha mwanasheria mmoja na mkewe, kilomita kumi na nane hadi dukani. Mwanasheria alijaribu kumkumbusha kwamba mteja ni mfalme. Mama akamwambia, "Wafalme wana watumishi, baba. Mtume mmoja akalete ndoo." Mwanasheria akaenda mwenyewe. Siku hizi anakuja kila mwaka, na ndoo yake ameiandika jina.

Wakishapita anawaonyesha pa kuwashia moto, kwenye udongo mtupu uliozungushiwa mawe, anawakataza kukata hata tawi, kisha hawamwoni tena mpaka siku ya kuondoka. Siku hiyo anapita pale walipolala, mikono nyuma, macho chini. Akiona kifuniko cha soda anakiokota na kumkabidhi mwenyewe, kwa heshima zote.

Mimi ni binti yake wa pekee, kwa hiyo nina haki ya kusema kwamba ana kichwa kigumu. Lakini ugumu huo naujua ulikotoka. Miaka thelathini na moja Mama aliosha vyoo vya stendi ya mabasi. Vya wanaume na vya wanawake, milango kumi na miwili, tangu alfajiri, na glavu zilizotoboka vidole. Karo yangu yote ilitoka humo, tangu shule ya msingi mpaka nilipopata cheti cha famasia. Alipostaafu alichukua kiinua mgongo chake akanunua kile kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyekitaka kwa kuwa hakilimiki. Akaniambia, "Kuanzia leo, kila mtu na uchafu wake."

Sasa nikiri langu, maana bila hilo haya mengine hayaeleweki. Siku Mama alipokutana na wakwe zangu kwa mara ya kwanza, sebuleni kwao, mama mkwe aliuliza kwa upole kabisa, "Na mwenzangu unafanya kazi wapi?" Nilidakia kabla Mama hajafungua mdomo.

"Yuko stendi kuu. Ofisini."

Mama alinitazama. Akanywa chai kidogo. Akasema, "Ndiyo. Ofisini."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika miaka kumi na minne, kwa sababu Mama ndiye aliyekuwa akiirefusha. Alikuwa akija kutusalimia na kalamu mbili kwenye mkoba. Mume wangu akimuuliza habari za kazi, anajibu, "Mafaili ni mengi, mwanangu, hayaishi." Na mimi nilikuwa nacheka. Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka kweli.

Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akakaa kwetu wiki tatu. Daktari alisema asiiname na asinyanyue kitu kizito mwezi mzima. Mume wangu ni mjenzi, mtu mwema kupita kiasi, na hawezi kuona kiwanja kitupu akalala usingizi. Jumamosi ya kwanza aliaga kwamba anakwenda kumwangalizia Mama shamba. Aliporudi akanifuata jikoni, akafunga mlango.

"Namjengea Mama vyoo," alininong'oneza. "Viwili, vya vigae, na tangi la maji juu. Usimwambie. Nataka akirudi avikute."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Neno moja lilitosha: usijenge. Lakini angeniuliza kwa nini, na jibu la hiyo kwa nini lilianzia sebuleni kwa mama yake. Nikaendelea kuosha vikombe. Nikasema, "Atafurahi."

Tulimrudisha Mama siku ya Jumapili. Njia nzima alikuwa akitusomea vibao vya maduka kwa sauti, vile vya mbali hasa, ili tujue kwamba anaviona. Tulipoingia getini akanyamaza. Vyoo vile havipo tena. Mume wangu alivibomoa wiki iliyofuata bila kuambiwa na mtu. Lakini mchana ule vilikuwa vimesimama pale kati ya vichaka, vyeupe, vimepakwa rangi mpaka juu.

"Mama, hivi ni vyako," mume wangu alisema, huku amemshika mkono. "Usihangaike tena na mambo ya ndoo."

Kumbe tangu Ijumaa alikuwa ameshaingiza wageni kumi na mmoja, bila ndoo, ili wavizindue. Walikuwa wameondoka asubuhi hiyo. Mama alifungua mlango wa kwanza, na mimi nilisikia harufu kabla sijaona. Sakafuni karatasi zimelowa na kukanyagwa. Sinki limejaa matope. Aliyetumia mwisho hakumwaga maji, na aliyemtangulia pia hakumwaga.

"Hawa watu nao," mume wangu alisema kwa aibu. "Usijali, Mama. Tutatafuta mtu wa kuosha."

"Mtu gani?" Mama aliuliza.

Hakungoja jibu. Alikunja mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko, akachukua brashi mpya iliyoning'inizwa ukutani, akainama. Hakukasirika. Laiti angekasirika. Mikono yake iliijua kazi ile, ikaanza bila kumuuliza.

"Mama, jicho," nilisema. "Daktari amekataza."

"Hiki hakitajiosha."

Nikaishika brashi. Naye hakuiachia, na ana nguvu kunishinda. Tukavutana pale mlangoni kama watoto wanaogombea kijiko cha kukombea sufuria.

Mume wangu akacheka, akidhani ni utani wa mama na mwana. "Hebu mwachie mwanao, Mama. Mtu wa ofisini kama wewe na kazi hizi wapi na wapi?"

Mama alinitazama, na nikaona kwamba angenitunzia uongo wangu hata hapo. Ningekaa kimya, angeinama na jicho lake la wiki tatu, aoshe, amalize, kisha amwambie mkwewe asante kwa vyoo vizuri.

"Hajawahi kukaa ofisini," nilisema. Sauti ilitoka ndogo, nikarudia. "Mama hajawahi kukaa ofisini hata siku moja. Alikuwa anaosha vyoo vya stendi. Miaka thelathini na moja. Ndivyo vilivyonisomesha. Ofisi niliitunga mimi."

Mume wangu alivua kofia. Alivitazama vile vigae alivyovipanga kimoja kimoja, kwa mikono yake mwenyewe, halafu akamtazama Mama.

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Wewe huna kosa, mwanangu," Mama alimjibu taratibu. "Ulimjengea yule mama wa ofisini."

Kisha akaiachia brashi, akatoka, akaketi kwenye kizingiti. Nilipiga magoti nikaosha cha kwanza. Nikaosha na cha pili. Mama alikaa pale muda wote, ananiangalia, na hakuniambia niache.