Bakshishi Niliyoipokea Bila Kutazama

Siku ya kwanza kazini nilifundishwa kusema kwaheri. Sikufundishwa majina ya ndege, wala njia ya kushuka ziwani, wala namna ya kumfungulia mgeni mlango. Kwaheri tu, asubuhi nzima, nyuma ya jikoni ya hoteli moja pale Nakuru, mbele ya boksibodi lililotolewa magurudumu. Kwa ninyi mliozaliwa juzi, boksibodi ni gari ambalo nyuma yake imeundwa kwa mbao kama kasha, na miaka ile ya hamsini ndilo tulilobebea wageni.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Barnaba, mkuu wa waongozaji wa hoteli ile. Mwongozaji ni yule anayemchukua mgeni mlangoni, anamzungusha ziwani na juu ya shimo la Menengai, anamweleza anachokiona, halafu anamrudisha akiwa mzima. Mzee Barnaba alipanda kwenye lile gari bovu, akaketi kama bwana mkubwa, akatoa kiwiko dirishani.

"Sasa mimi ni mgeni," akasema. "Nimeshinda na wewe siku tatu. Nakwenda zangu na sikupi kitu. Haya, niage."

"Kwaheri, Bwana. Safari njema."

"Sauti imeanguka."

"Haijaanguka, Mzee."

"Imeanguka mpaka chini ya gari, kijana wa reli. Iokote, useme tena. Na hiyo midomo uikunjue."

Aliniita kijana wa reli kwa sababu baba yangu alitoka magharibi kuja kufanya kazi kwenye karakana ya reli, na sisi tulikulia landi, zile nyumba za mstari za wafanyakazi. Shule niliishia darasa la nne. Nasema haya mapema ili msomaji asinitegemee kupita kiasi. Daftari langu la siku zile ninalo bado, lakini mahali pengine linasema Jumanne na mimi nakumbuka Jumatano, na sijui nani kati yetu ndiye mkweli.

Desturi ya bakshishi, yaani kile anachokupa mgeni kwa hiari yake akiondoka, Mzee Barnaba aliishika kama watu wanavyoshika ibada. Mkono wako hautoki kabla ya mkono wa mgeni. Ukipewa, pokea kwa mikono miwili. Usitazame ulichopewa. Tia mfukoni, funga kifungo, sema asante mara moja, maana asante mbili ni kuomba nyongeza. Simama mpaka vumbi la gari litue. Usifungue mbele ya hoteli. Ngoja saa ya chakula, nyuma, na hapo umkumbuke aliyeosha gari na aliyefunga mikate ya safari. Na asiyekupa umuage kwa sauti ile ile.

"Kwa nini nisitazame?" niliuliza.

"Kwa sababu uso wako hauwezi kunyamaza. Ukiona kidogo, utanuna. Ukiona kikubwa, utacheka meno yote nje. Yote mawili yanamwaibisha mgeni."

Kulikuwa na sheria nyingine, na hii ilikuwa ya Meneja. Zawadi isiyokuwa pesa lazima iwe na chiti, yaani karatasi ya mgeni mwenyewe inayosema amekupa kitu fulani, na ofisi iitie sahihi siku hiyo hiyo. Ilikuwa wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari serikali ilipowasaka wapiganaji wa msituni. Mwafrika akikamatwa getini na koti zuri bila chiti, alihesabiwa mwizi, na pengine mtu mbaya zaidi ya mwizi. Sheria zote mbili nilizishika kwa moyo. Sikuona kwamba siku moja zinaweza kugongana.

Safari yangu ya kwanza ziwani niliaibika. Tangu utoto nilikuwa naliona ziwa kutoka landi, ukanda mwembamba wa rangi ya waridi huko chini, nikidhani ni udongo wa huko. Hakuna aliyenikataza kwenda, ila sikuwahi kuwa na sababu. Siku hiyo tukashuka, magadi meupe yakivunjika chini ya viatu kama mkate mkavu, harufu kali ikipanda puani, na ule udongo ukainuka. Ulikuwa ndege. Flamingo, maelfu juu ya maelfu, wakainuka pamoja, na chini ya mbawa zao mlikuwa na wekundu ambao sikuwahi kuuona popote. Sauti yao ilikuwa kama ya watu wengi wanaosali kila mtu sala yake. Nilisahau kila neno nililofundishwa. Nikasimama mdomo wazi mbele ya wageni wanne.

Nilidhani nitafukuzwa. Mzee Barnaba alinivuta kando, akasema, "Ngoja wakutazame kidogo. Wamefurahi kuona hata wewe hujazoea." Nami sikuzoea kamwe, miaka yote.

Meneja nataka nimweleze kwa haki. Alikuwa Mzungu aliyepigana vitani, mrefu, mwenye Kiswahili cha amri. Alifoka sana. Sikuwahi kumwona akimpiga mtu, na wengi waliokuwa kama yeye walipiga. Aliyevunja sheria alimfukuza saa ile ile, mbele yetu, awe mpishi au mtunza bustani.

Mwaka wangu wa pili alikuja mama mmoja mzee, Mzungu kutoka ng'ambo, peke yake. Mimi nilimwita Memsaabu, kama desturi ilivyotaka. Alikuwa na darubini nzuri shingoni, ile ya macho mawili, na siku ya kwanza pale ziwani akaivua akanipa.

"Wewe angalia," akasema kwa Kiswahili chake cha kununuliwa njiani. "Macho yangu nakwisha. Wewe sema, mimi sikia."

Macho yake yalikuwa yanazimika. Alikuwa ametaka kuwaona ndege wale tangu ujana, akachelewa. Basi nikaweka darubini machoni, mara yangu ya kwanza, na nikarudi nyuma hatua moja, maana flamingo mmoja alikuwa mbele ya pua yangu. Niliona jicho lake la njano. Niliona anavyokula kichwa kikiwa juu chini, mdomo ukichuja maji. Nikasema yote. Nilipokosa neno niliongeza mikono, kisha nikakumbuka kwamba Memsaabu haioni mikono vizuri, nikarudi kwenye maneno.

Kando ya wengine alikuwako mmoja aliyepauka, mguu wake wa kushoto umepinda. Memsaabu alimpenda huyo. Siku ya pili, hata kabla gari halijasimama, aliuliza, "Ile ya mguu mbaya, iko?" Alikuwako. Siku ya tatu nilitafuta ufuo mzima na sikumwona. Ningeweza kusema yuko, naye asingejua. Nilisema hayuko.

Kesho yake asubuhi dereva alikuwa anampeleka stesheni kupanda treni ya kwenda magharibi. Dirishani mwa gari Memsaabu akanipa furushi dogo lililofungwa kwa kitambaa cha kichwa. Nikapokea kwa mikono miwili. Sikutazama. Uzito niliusikia, lakini akili ilikuwa kwenye sauti yangu isianguke. "Asante, Memsaabu. Safari njema." Vumbi likatua. Nikaficha furushi chini ya kofia yangu kwenye kabati, nikafanya kazi mpaka saa ya chakula, kama nilivyofundishwa.

Nilipofungua nyuma ya jikoni, ilikuwa darubini. Treni ilishaondoka zamani.

Mzee Barnaba aliiona, akaacha kutafuna. "Chiti?"

"Sina."

"Huna!"

"Ulisema nisitazame, Mzee."

Alifunika ile darubini kwa kitambaa upesi, kana kwamba ingepiga kelele. "Sikiliza, kijana wa reli. Ipeleke ofisini sasa hivi. Sema Memsaabu ameisahau chumbani. Wataandika, wataiweka, na wewe utabaki na kazi yako. Ukisema amekupa, nani atakuamini? Darubini, wakati huu wa askari kila njia?"

Alisema kwa wema, na mimi simlaumu. Nilitembea hatua zote za kwenda ofisini nikiwa na maneno hayo mdomoni: ameisahau, ameisahau. Ndiyo, nilikusudia kuyasema. Meneja aliitazama darubini juu ya meza, akanitazama mimi.

"Hii nini? Memsaabu nasahau?"

Nikafungua mdomo. Nikaona kwamba nikisema ndiyo, nitakuwa nimedanganya juu ya yule mama baada ya kukataa kumdanganya pale ziwani. "Hapana, Bwana. Amenipa."

"Wapi chiti?"

"Hakuna."

"Hapana chiti, hapana kazi. Wewe najua hii."

"Najua, Bwana. Sikutazama aliponipa. Tumefundishwa tusitazame."

"Nani nafundisha hii upuuzi?"

Na hapo mlango ukasukumwa. Mzee Barnaba alikuwa nje muda wote. Aliingia, kofia mkononi, mtu mwenye mvi na watoto saba. "Ni mimi, Bwana. Kama ni kufukuza, anza na mimi. Yeye alifanya nilivyomwambia."

Meneja akatazama saa ya ukutani, akavuta simu, akaomba stesheni ya Molo, ambako treni husimama baada ya kupanda mlima. Alizungumza Kiingereza. Akatuambia tukae nje kwenye benchi.

Kukaa pale kulikuwa kurefu. Ofisi ya polisi ilikuwa karibu, na kila gari lililoingia getini nilidhani ndilo langu. Mzee Barnaba alisema jambo moja tu: "Ukitoka hapa salama, nitaongeza kwenye mafundisho: kitu kizito, tazama."

Simu ikalia. Meneja akatuita. Uso wake ulikuwa wa ajabu, kama mtu aliyesomewa barua isiyokuwa yake. Stesheni masta wa Molo alikuwa amepita behewa kwa behewa mpaka akampata.

"Mimi nauliza yeye kama alitoa darubini," Meneja akasema. "Yeye hapana jibu hii. Yeye nauliza wewe. Nauliza, ile ya mguu mbaya, narudi?"

Meneja akachukua karatasi ya hoteli, akaandika mwenyewe kwa niaba ya Memsaabu, akatia sahihi, akanisukumia. Ilikuwa chiti yangu. "Kesho kwenda angalia," akasema, na akarudi kwenye kazi zake.

Nimestaafu sasa, naishi mtaa wa Free Area, Nakuru, na vijana wanaoongoza wageni huniuliza mgeni atoe kiasi gani, na lini, na kwa nani kwanza. Nawaambia ya Mzee Barnaba yote, na ile nyongeza. Darubini ilivunjika lenzi moja zamani. Chiti imechakaa kwenye mikunjo. Bado nashangaa kwamba treni nzima ilipekuliwa kwa ajili ya mtu wa darasa la nne, na kwamba aliyeulizwa swali alijibu kwa kuuliza habari za ndege.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya chiti nilishuka ziwani kama nilivyoagizwa. Sikuwahi kupata anwani ya Memsaabu, na Meneja alihamishwa kabla sijathubutu kumwomba. Kwa hiyo naandika jibu hapa. Memsaabu, nilimwona mmoja katikati ya wengine, si kando tena. Mguu uliopinda ulikuwa wa kushoto. Wenzake waliporuka, naye aliruka. Lakini mikono ilikuwa inatetemeka, na darubini pamoja nayo, kwa hiyo siwezi kuapa. Nadhani alirudi.