Nusura nimchinje maksai wa mama kwa sababu ya majibu ya damu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili sijasimuliwa, limenikuta mwenyewe, na aibu yake nimeila mwenyewe.

Mimi nachimba dhahabu Runzewe. Mama yuko Kagongwa, analima kwa jembe la ng'ombe. Alikuwa na maksai wawili, mmoja akafa, na mmoja peke yake havuti jembe. Mvua zinanukia!

Nikajibana, nikanunua mwingine huku, nikampakia kwenye Fuso. Kafungwa pembe na miguu, jua la utosi, pancha mbili njiani. Tumefika jioni.

Kesho yake anatetemeka, hataki kula. Nikamwita jamaa wa mifugo achukue damu. Tulimkimbiza huyo maksai boma zima, wanaume sita na kamba, tukambwaga puu!

Majibu: seli nyeupe zimevurugika. Aina moja imepanda sana, nyingine imeshuka.

Si nikaingia Google, bwana! Dakika kumi nishakuwa daktari. Nikamwambia mama huyu ana ugonjwa, atamwambukiza mwenzake, achinjwe.

Mama akakaa chini akalia. "Sasa mwaka huu nitalima na nini, mwanangu?"

Iliniuma sana. Na Baba Kulwa, mchinjaji jirani yetu, alishafika, ananoa kisu.

Nikampigia daktari wa mifugo wa mjini, dada mmoja, aniunge mkono tu. Swali lake la kwanza: "Mlimkamataje?"

Nikaeleza. Akanikemea vizuri tu.

Akasema mnyama akiogopa, mwili unamwaga homoni za stresi. Zinasukuma seli nyeupe za aina moja ziingie kwenye damu, na zile nyingine zinaiacha damu, zinajibanza kwingine mwilini. "Kwa damu hiyo huwezi kujua kama anaumwa. Mpumzisheni siku kadhaa, anywe maji, akae na mwenzake. Halafu mpimeni bila fujo."

Baba Kulwa akarudi kwake kanuna.

Siku ya pili maksai akaanza kula. Siku ya kupima, mama akatufukuza wanaume wote zizini. Akamkuna shingo, anamwongelesha Kisukuma taratibu. Sindano imeingia, imetoka, maksai katulia tuli.

Majibu safi! Wakuu, nilishusha pumzi mpaka mama akacheka.

Kwa hiyo kabla hujaamini karatasi, kumbuka mnyama alikuwa kwenye hali gani ulipomtoa damu. Wafugaji humu, yamewahi kuwakuta? Na mnaojua zaidi, nirekebisheni.

Ah, nisisahau. Juzi Baba Kulwa kaja kumwomba mama amlimie shamba. Mama kakubali, ila kamwambia kisu akiache nyumbani.