Mpira Wenye Fundo

Nikifumba macho alasiri yenye joto, darasa lile linarudi lenyewe. Madirisha hayana vioo, milima ya juu ya mji imejaa ukungu baada ya mvua, na watoto wanavuta sauti moja pamoja, iiii, mpaka hujui tena kama wanaimba au wanasinzia. Nilikuwa nafundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari karibu na mtaa wa Nyakabiga, miaka ile ya vita. Sauti fupi na sauti ndefu, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Msinicheke. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, nimezaliwa ndani ya Kiswahili, na Kiswahili chetu hakina mambo hayo. Wanafunzi waliokuwa wanaongea Kirundi nyumbani walinipita, maana lugha yao inavuta na kukata tangu zamani. Nilikuwa najifunza kwao kimyakimya, huku nimeshika chaki kwa maringo.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari. Nilimwomba anikatie vipande vya mpira wa ndani wa tairi, kila mwanafunzi apate chake: ukisema seat unavuta, ukisema sit unalegeza upesi. Mzee akanikatia mikanda mirefu kama mishipi, tena michache. Nilimkasirikia kwelikweli.

"Mupira mufupi unakatika, mwanangu," akasema, akarudi chini ya gari lake.

Basi ikabidi mkanda mmoja ushikwe na wawili. Na wakati ule watoto walikaa darasani kama mitaa yao ilivyokaa mjini, hawa upande huu na wale upande ule, katikati njia. Mikanda ikavuka njia. Sikupanga hivyo, wallahi, mikanda yenyewe ndiyo ilikuwa mirefu.

Tulikuwa na sheria moja: sauti ndefu haikatwi katikati. Mara nyingine mizinga ililia huko milimani tukiwa ndani ya iiii, na hakuna aliyeachia. Tulimaliza kwanza, ndipo tukatazamana. Ya Rabi, nilizipenda dakika zile! Niliona kama chumba kizima kinaelea juu ya mji, na sisi tumo ndani, hakuna wa kutufikia.

Msichana mmoja tu alikuwa hatoi sauti. Alikuwa amekimbia mtaa wao na shangazi yake, wawili hao tu waliobaki katika nyumba nzima, na tangu siku hiyo alikuwa hasemi. Alivuta mpira vizuri kabisa, midomo ikiwa imefungwa. Kwa maandishi aliwashinda wote. Lakini mtihani wa kusema ulikuwa lazima, na alikuwa amekwisha kurudia darasa mara moja. Akishindwa tena, shule imekwisha. Shangazi yake alikuja kuniambia waziwazi kwamba atampeleka sokoni kuuza ndagala, vile visamaki vya ziwani.

Aliyekaa ng'ambo ya njia, kwenye ncha ya pili ya mpira wake, alikuwa msichana wa mtaa uleule uliowafukuza. Siku ya kwanza alifunga ncha yake kwenye mguu wa dawati, fundo gumu, akakunja mikono.

"Shika mpira," nikamwambia.

"Apana, Madamu. Kwetu walikufa watu. Mi siwezi kushika kitu kimoja na ule."

Mimi nina mdomo, kila mtu Buyenzi anajua. Siku hiyo niligeuka tu nikarudi ubaoni. Niliacha fundo likae, muhula mzima, na nikajiambia kwamba ni busara. Ilikuwa uoga tu. Yule msichana asiyesema akawa anavuta mpira peke yake na mguu wa dawati, na mimi naona, naandika ubaoni.

Siku ya mtihani alikuja enspekta wa mitihani, mzee mmoja mpole aliyevaa koti licha ya joto. Aliwaita mmoja mmoja wasimame mahali pao wasome maneno, wengine wakisikiliza. Mimi niliamriwa nikae nyuma, nisifungue mdomo. Ilipofika zamu ya yule asiyesema, alisimama, ameshika mkanda wake. Enspekta akamwonyesha neno: moon.

Nje kulikuwa na jua jeupe na vumbi lililoelea tu, halitui. Enspekta akangoja, akatazama saa, akachukua kalamu. Nilitaka kupiga kelele, mupe muda, we muzee, mupe muda!

Ndipo nikasikia dawati likisogea. Yule wa ng'ambo alikuwa amepiga magoti sakafuni, anafungua fundo kwa kucha. Lilikuwa limekaza kwa miezi, akatumia meno. Kisha akasimama na ncha mkononi, hakumtazama mwenzake, akavuta.

Mpira ukanyooka juu ya njia. Na sauti ikatoka, nyembamba kwanza, yenye kukwaruza: muuuu. Ikaendelea. Ikapita urefu wa neno lolote la Kiingereza.

"Inatosha, binti," enspekta akasema. "Nimesikia."

Hakuacha. Darasa zima lilitulia ndani ya sauti ile, na mimi nilikuwa nalia bila aibu, ushungi wangu umelowa. Enspekta akaweka kalamu chini, akangoja, kama vile naye alikuwa ameambiwa sheria yetu.

Pumzi ilipomwishia, alifunga neno kwa ile n ya mwisho. Halafu akasema kwa Kiswahili, maneno yake ya kwanza kwangu na kwetu sote:

"Usiachie bado."

"Siachii," akajibu mwenzake.